Jinsi Nilivyomchagulia Mwenzangu Pedali

Sauti ile naisikia hadi leo: shitingi ikipasuliwa taratibu na mtu asiye na haraka. Sisi wa Buterere, mtaa wa pembeni mwa mji, tulizijua shitingi, yale maturubai ya plastiki waliyogawiwa watu waliokimbia makwao, na ikipasuka moja unaitambua hata ukiwa usingizini. Ila siku hiyo hapakuwa na shitingi. Tulikuwa ndani ya duka la vyombo vya umeme, mjini, karibu na soko, na kilichopasuka ilikuwa noti moja ya gitaa la besi, iliyopitishwa kwenye kisanduku cheusi cha chuma chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Aliyeipiga alikuwa mwenzangu wa kwaya. Mimi nilisimama pembeni nimemshikia mkoba.

Nimemshikia mkoba. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo roho iliponichafuka.

Kwaya yetu ilikuwa na besi moja, mali ya kanisa. Kaka aliyekuwa akiipiga alivuka na familia yake kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, mapigano yalipotukaribia, akaiacha imeegemea ukuta, na wiki tatu zikapita hakuna aliyeigusa. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la sita. Asubuhi nauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mama, mchana sina kazi. Nikaigusa. Uzi ule mnene ulikuwa umekatika. Fundi baiskeli akanipa kebo ya breki, nikaifunga pale, ikakubali. Nilijifunza nikiwa peku juu ya sementi, na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: besi ikiwa nzuri unaisikia kwanza kisiginoni, masikio yanafuata. Mwaka mzima ilikuwa mimi na besi, besi na mimi. Akina mama wakitoka mbele kucheza wakati wa sadaka, walikanyaga pale nilipopiga. Nikiwahi wanawahi, nikichelewa wanachelewa. Msichana wa ndagala, lakini kanisa zima linatembea kwa vidole vyangu. Nani asingependa?

Halafu akaja yeye. Alikaa Kinindo, mtaa wa wenye nacho, kwa shangazi yake, aliyefanya kazi na wazungu wa misaada. Shangazi aliokokea katika kanisa letu na hakutaka kusali kwingine, kwa hiyo kila Jumapili gari jeupe lilishuka hadi kwetu kwenye matope, na ndani yake msichana wa umri wangu na besi yake mwenyewe, nyekundu, yenye nyuzi nne za dukani. Alisoma muziki kwa masista. Na viatu vyake sitavisema, nitaonekana mbaya.

Kibaya zaidi, alikuwa mwema. Alinibusu mashavuni mara tatu kila tulipoonana, akaniletea mkate wa mjini, akaniuliza habari za mama. Mtu ukimwonea wivu, angalau awe na roho mbaya ikusaidie kidogo. Huyu hakunisaidia hata siku moja.

Mwaka huo mwalimu wa kwaya akatutangazia kwamba tutarekodi kaseti. Tukapiga vigelegele. Alipomaliza akatuita sisi wawili kando.

"Studio ni ndogo, wanataka besi moja tu," akasema. "Jumapili hii na ile ingine nitawasikiliza. Halafu nachagua. Musinikasirikie."

Mi nilishaiona kaseti hiyo kichwani. Niliiona ikipakiwa bandarini pamoja na magunia, inavuka ziwa, inafika Kigoma, na mama mmoja muuza vitunguu kule sokoni anainua kichwa na kuuliza, huyu anayepiga besi ni nani? Nilimpa hata kitenge huyo mama, cha bluu. Ndivyo nilivyo, nikianza kuota naota na mavazi. Sasa katika ndoto yangu kukaingia besi nyekundu.

Wiki hiyo hiyo shangazi akamwahidi mwenzangu pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoikwaruza sauti ya gitaa. Akanifuata nyumbani.

"Sha, twende unichagulie," akasema. "We ndiye unajua besi. Mi nacheza tu vile nimefunzwa."

Ningekataa vipi? Nikavaa kandambili, nikapanda gari jeupe.

Mwenye duka alikuwa mzee wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mjini miaka mingi, kanzu safi, miwani imefungwa kwa uzi. Akaweka pedali mbili juu ya meza, moja ya njano na moja nyeusi. Akasogeza miwani, akatusomea maandishi: ya njano ni ovadraivu, nyeusi ni disto.

"Wanangu, mimi najua feni na pasi," akasema. "Hivi vilikuja na boti ndani ya katoni la redio, wala sikuviagiza. Jaribuni. Ila spika yangu mkinipasulia, mtaimba hapa hapa mpaka jioni kunilipa."

Mwenzangu akaanza na nyeusi, na hiyo ndiyo sauti niliyoanza nayo hadithi hii. Ilijaa dukani kote. Wapita njia wakageuka. Mwenzangu akacheka kwa furaha. Halafu akachomeka ya njano, nami nikavua kandambili.

Nitawaeleza tofauti yake kama nilivyoielewa siku hiyo. Ya njano ilikuwa kama mtu mpole. Ukimgusa taratibu anakujibu taratibu, sauti safi. Ukimpiga kwa nguvu anakunja uso na kunguruma. Yaani inasikiliza kidole. Na besi ya chini ilibaki: sakafu ilitetemeka, kisigino changu kikapokea kila noti, nene, mviringo, kama mkate. Ile nyeusi haikujali kidole. Uguse, upige, ni kelele ile ile, kama mlevi ambaye umpe salamu au umtukane anakujibu sawa. Na alipoirudia nikagundua ubaya wake: masikio yamejaa lakini sakafu imekufa. Kisigino hakikupata kitu. Ilikuwa imekula besi yote ya besi, ikabakiza mikwaruzo ya juu. Labda kwa gitaa la solo ingefaa. Kwa akina mama wanaotafuta pa kukanyaga, ilikuwa shimo.

Yote hayo niliyajua mle dukani, kabla haujanyamaza uzi wa mwisho.

"Haya, sema," mwenzangu akaniambia. "Mi napenda zote mbili. Gani inafaa?"

Nikaiangalia besi nyekundu. Nikaviangalia vidole vyake, laini, havijawahi kuparua samaki. Nikamwona yule mama wa Kigoma anainua kichwa.

"Chukua nyeusi," nikasema. "Ile ingine haina nguvu."

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Ajabu. Mbona ilipolia ya njano ndipo ulipofumba macho?"

"Vumbi, baba," nikajibu.

Mzee akaifunga nyeusi kwenye gazeti.

Mwenzangu aliiacha pedali kanisani, kwenye rafu ya vitabu vya nyimbo, kwa sababu njiani kulikuwa na bariyeri za wanajeshi, na kisanduku cha chuma chenye nyaya na jiwe ndani si kitu cha kumweleza mwanajeshi ukamaliza upesi. Jiwe ndivyo tunavyoita betri. Lake lilikuwa la mraba, gumu kupatikana wakati ule mipaka imefungwa.

Jumapili ikafika. Mimi nilipiga nusu ya kwanza, nyimbo nne, akina mama wakanifuata vizuri. Kisha akaingia yeye. Wimbo wa sadaka ukaanza, watu wamesimama, vikapu vinapita, naye akakanyaga pedali.

Nilichokuwa nimekitarajia ni kwamba wachezaji watapoteza hatua. Nilijiandalia hata uso wa kumhurumia. Nilichosahau, mimi niliyezaliwa pale pale, ni jinsi watu wa Buterere walivyokuwa wamefundishwa na miaka ile. Sauti kali ikikujia ghafla, hufikiri; unalala chini kwanza, kufikiri baadaye. Benchi tatu za mbele zililala. Mama mmoja alimfunika mwanawe kwa mwili wake wote. Vikapu vya sadaka vikamwagika. Mwenzangu hakuona, alikuwa anaangalia vidole vyake, akaendelea kupiga mpaka mwalimu alipomshika bega.

Haikuchukua hata dakika. Watu wakainuka, wakajipangusa vitenge, wakaanza kuchekana.

"Ee we, si unasema wewe ni simba?" mzee mmoja akamtania jirani yake. "Simba nimemuona chini ya benchi, tena alinitangulia."

"Apana, nilikuwa natafuta kiatu," akajibu yule, na kanisa lote likacheka.

Wote walicheka isipokuwa yule mama aliyemfunika mtoto. Alikuwa ameshakaa, ila alikuwa bado amemshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, na mtoto anamwambia, mama, unaniumiza.

Baada ya ibada mwalimu alituita. Hakuwa na hasira. Alimwambia mwenzangu, "Sauti yako imepotea, mutoto wangu. Sikupata besi, nilipata fujo tu. Jumapili ijayo ni ya mwisho. Ujipange." Mimi akanipiga bega. Nililijua bega lile. Lilikuwa bega la kaseti.

Ningefurahi, na kwa kweli nilifurahi, mpaka nje. Pale kwenye gari mwenzangu alikuwa anajitazama vidole, macho mekundu.

"Ni vidole vyangu," akaniambia. "We ulinichagulia vizuri, ni mi sijui kuipiga. Ingekuwa mikononi mwako ingelia."

Nikamwambia atazoea. Hilo tu. Gari likaondoka, nikabaki nimeushika mkate alioniletea.

Mjue kwamba wivu haukuondoka. Nilitaka nione ukiondoka, nisamehewe hapo hapo, lakini wiki nzima uliamka na mimi na kuuza ndagala na mimi. Jumatano baada ya mazoezi niliona ameacha kebo imechomekwa kwenye pedali. Pedali ikiachwa na kebo, jiwe linaendelea kuliwa polepole hata kama hakuna anayepiga. Nililijua hilo. Niliiona kebo, nikazima taa, nikaenda nyumbani. Nikisimulia kosa la dukani bila kusimulia na hili, nitakuwa nimejipunguzia.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Saa saba mchana, jua kali, hakuna mtu, na kwa bahati umeme ulikuwepo. Nilifagia mpaka benchi za mbele. Pale zilipolala zile benchi tatu nilikuta kifungo cha shati la mtoto. Nikakiweka dirishani, mwenyewe akione. Halafu nikaegemeza fagio, nikavua kandambili, nikaishusha pedali nyeusi kutoka rafuni.

Ilikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha. Dukani tulikuwa tumeviacha vyote juu, kama watoto na sukari. Nikachomeka besi ya kanisa. Jiwe lilikuwa bado na uhai. Kifundo cha mkwaruzo nikakirudisha chini mpaka karibu na sifuri. Cha ukali wa sauti nikakipeleka upande wa giza, wa sauti nzito. Cha nguvu nikakipandisha. Nikapiga. Hapana. Nikapunguza tena mkwaruzo kwa unene wa ukucha, nikapiga, na sementi ikanipa kitu kisiginoni. Si kama ya njano. Lakini palikuwa na pa kukanyaga, na juu yake ukakaa mngurumo mdogo, mzuri, ambao besi yangu ya kebo ya breki haikuwahi kuwa nao. Nikaupenda. Nikamwonea mwenzangu wivu upya, mle mle ndani.

Wivu ulikuwa umekaa benchi ya kwanza ukinitazama. Nikautazama na mimi. Kisha nikachukua msumari kwenye kopo la mwalimu, na kando ya kila kifundo nikakwaruza mstari mmoja mfupi kwenye rangi nyeusi, mahali kinapotakiwa kusimama mwenzangu atakapoikanyaga kesho. Mistari mitatu myeupe. Mwenye macho hawezi kuikosa. Nikairudisha pedali rafuni, nikachomoa kebo ili jiwe lipumzike, nikaikunja, nikaiweka juu yake.