Chipu Iliyokataliwa

Fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili hupuliza kila chipu kabla ya kuigusa, hata iliyo safi, na huisemesha mashine kama anayembembeleza mgonjwa: "Haya bibie, amka." Jana mjane alimletea laptopu ambamo marehemu mumewe aliwarekodia watoto hadithi. Chipu inayoongoza umeme na kutunza siri za mashine ilikuwa imeungua. Fundi akaweka nyingine. Taa ikawaka, lakini skrini ikaandika kwamba chipu hiyo haitambuliki. Alijaribu mara tisa, akiipuliza kila mara.

"Kaka, si imewaka?" mjane aliuliza.

"Imewaka, dada. Ila ufunguo wa siri unaofungua mafaili ulikuwa ndani ya ile chipu iliyoungua; hadithi hazifunguki tena."

Akaizima taratibu, akabaki ameikumbatia, asijue amrudishie vipi.