Magauni Yaliyolala Kwetu

Msimu ule wa mvua tuliishi na magauni ya harusi. Hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mwanamke mmoja wa Bukavu mwenye cherehani mbili na chumba cha duka kule Kauma, Lilongwe, aliyewakodishia mabibi harusi wasioweza kununua gauni la kuvaa siku moja tu. Sherehe ikiisha, gauni lilimrudia likiwa na jasho, madoa ya Fanta na tope jekundu kwenye pindo, naye alilikunja ndani ya gunia safi na kulituma kwa mama yangu katika kambi ya Dzaleka. Mama alilifua, akalikausha, akalirudisha kama gauni ambalo halijawahi kuolewa.

Nyumba yetu kambini ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja tulilala, upande wa pili tulipika. Kiangazi mama alianika nje, gauni likiwa limegeuzwa ndani nje ili jua lisiugeuze weupe kuwa manjano. Mvua zilipoanza, alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na magauni yakaning'inia juu ya magodoro yetu, marefu, meupe, yakitupapasa vichwa kila tulipoinuka. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nikawa mkono wa pili wa mama. Asubuhi nilifungua macho nikaona satini, na kwa dakika nzima sikukumbuka kwamba nilikuwa mkimbizi.

Kazi hiyo mama aliipata kwa sababu ya chafya. Bibi harusi mmoja alivaa gauni lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye marashi makali, akapiga chafya tangu mlangoni mwa kanisa hadi kwenye pete, mpaka mchungaji akalazimika kurudia maneno ya kiapo. Mwenye magauni akaanza kuulizia mtu anayejua kufanya nguo inukie bila marashi ya dukani. Mwanakwaya mmoja akamtajia mama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifua mavazi ya kwaya yetu.

Mama alijifunza kufua mtoni, milimani juu ya Uvira, kwetu Kongo, na mengine aliyaokota njiani. Jasho la kwapani alilisugua kwa ndimu kabla maji hayajagusa kitambaa. Nguo iliyokaa muda mrefu ndani ya sanduku aliiloweka kwenye maji yenye ile soda ya unga ambayo Wamalawi hutia kwenye bamia. Maji ya mwisho ya kusuuza aliyatia siki kidogo, nami nilipolalamika kwamba siki inanuka, aliniambia nisubiri nguo ikauke. Na kweli, ikikauka, siki ilikuwa imeondoka na imechukua na harufu nyingine. Mchaichai aliuchemsha mpaka maji yakawa na rangi ya asali changa, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, maana weupe hausamehe. Chini ya sanduku aliweka vipande vya makaa ndani ya soksi ya zamani ili vinywe unyevu. Nilipenda kumtazama akifanya hayo. Alifanya polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala.

Kisha mwenye magauni akaja mwenyewe kambini. Hakuwa na desturi ya kuja. Alikaa kwenye kigoda chetu, akanywa chai yote, akasifu chai, akauliza habari za baba, na mikono yake haikutulia juu ya mkoba. Mwishowe akasema kwamba mama wa bibi harusi mmoja wa mtaa wa Mtandire alikuwa amelalamika. Gauni lilikuwa na harufu.

"Harufu gani?" mama akauliza.

"Sijui, dada. Mi nililinusa, sikusikia kitu. Lakini banasema linanuka, na yule mama anasema kila mahali."

Mama akashusha gauni lililokuwa kambani, la harusi nyingine. Tukainusa shingo yake, kwapa zake, pindo lake, wanawake watatu tumezika nyuso ndani ya satini. Hatukusikia chochote kibaya. Mgeni wetu alishusha sauti. Alisema wateja wake wengi ni Wamalawi, na neno likishatoka kwa mmoja linawafikia wote kabla ya Jumapili. Mjini kulikuwa na duka lenye mashine za kufulia. Hakutaka kwenda huko, lakini gauni aliloleta siku hiyo lilikuwa la bibi harusi wa Jumamosi iliyofuata, na kama nalo lingerudi na maneno, hangekuwa na la kufanya.

Baada ya yeye kuondoka, mama alilitandaza gauni juu ya kitanda akalitazama kama mtu anayesoma ramani. Kazi ile ndiyo iliyotulisha mgao wa chakula ulipopungua. Zaidi ya hapo, ilikuwa kazi pekee tangu tulipokimbia ambayo watu walimtafuta mama kwa sababu ya kitu alichokijua, si kwa sababu ya kumhurumia.

Tukaanza upya, na tukafanya kila kitu maradufu. Ndimu tuliikamulia kwapani, shingoni, hata kwenye pindo ambalo halikuwa na doa. Mchaichai niliutafuta hadi kwa watu wa vijiji vya jirani, nikarudi na kifungu kikubwa kama mtoto. Mama aliuchemsha wote, akaikamulia ndani yake ndimu nyingine. Gauni likakaa ndani ya maji hayo mchana kutwa, likapanda kambani, likakauka taratibu juu ya vichwa vyetu huku mvua ikipiga bati. Jirani yetu, mama wa Kirundi anayesuka nywele, aliingia kuomba chumvi, akasimama katikati ya nyumba akafumba macho.

"Eh, mama. Gauni hili linanukia vizuri mpaka linanipa njaa."

Tulicheka sote. Mama alicheka kuliko wote, kwa sababu alihitaji kusikia neno vizuri.

Siku iliyofuata tulilipeleka Lilongwe mimi na mama. Mwenye magauni alilinusa, uso wake ukafunguka. Ila safari hii hakutaka kujiamini. Akamwita mwanamke wa Kimalawi anayeuza nyanya mbele ya duka lake, mtu mzima, mpole, aliyefunga mtoto mgongoni. Alimwomba kwa Kichewa anuse gauni aseme kweli, bila haya.

Yule mama alijifuta mikono kwenye kitenge chake. Aliinama, akanusa kwapa, akanusa kiuno. Akainua kichwa akamtazama mwenye magauni, kisha akatutazama sisi, na nikaona anatafuta neno lisiloumiza.

"Pepani, amayi," akasema, akimwomba mama radhi kwanza. Halafu: "Usipa."

Usipa ni vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo sisi tunaviita ndagala. Mwenye magauni akauliza tena, na muuza nyanya akaeleza taratibu, kwa mikono. Si samaki aliyeoza. Ni samaki aliyepikwa vizuri, kwenye mafuta mazito, ameungwa kwa ndimu. Angekuwa jikoni, alisema, angeomba sahani. Lakini ni gauni la harusi.

Mwenye magauni alilinusa tena, polepole, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. "Mawese," akasema. "Kumbe ni mawese."

Ndipo nami nikayasikia. Halikuwa jambo la kufichika. Kila siku ya mvua, chini ya magauni yale, mama alipika mawese, yale mafuta mekundu ya mchikichi yanayokuja kambini kwa njia zinazojulikana na wauzaji wenyewe. Alitia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akatia ndagala, mvuke ukapanda, satini ikanywa. Pua zetu zilikuwa zimezaliwa ndani ya mvuke huo. Kwetu haukuwa harufu, ulikuwa hewa ya nyumbani, na mwenye magauni, mtu wa Bukavu, alikuwa anapika hivyo hivyo kwake. Nasi tulipoambiwa gauni linanuka, tulilimwagia ndimu, kama tunavyowafanyia ndagala, mpaka likaiva.

Mwenye magauni alianza kucheka, muuza nyanya akacheka, mimi nikacheka. Mama hakucheka. Alilikunja gauni vizuri, mikono juu ya kifua, akalirudisha kwenye gunia. Akasema kwamba Jumamosi bado haijafika.

Tulitembea hadi stendi, mama mbele na gunia kichwani. Nilidhani anapanga kazi. Tulipofika, akasimama mbali kidogo na watu waliokuwa wanasubiri, mbali kuliko kawaida yake.

"Sema kweli, mwanangu," akasema. "Ni siye njo tunanuka?"

"Ni chakula, mama. Si siye."

"Na chakula ni nani anapika?"

Nilimshika mkono, akauacha ushikwe. Nilifikiria miaka yote aliyokaa kwenye viti vya ofisi na hospitali za watu, amevaa kitenge chake safi kabisa, na mtu wa pembeni amehama kiti naye hajui kwa nini. Labda hakuna aliyehama. Lakini siku hiyo alikuwa anawahesabu wote.

Nyumbani alitangaza kwamba mawese hayataingia mpaka Jumamosi. Baba, ambaye ni mtu wa Fizi na anaamini mtu wa Fizi ameumbwa kwa mawese, aliuliza tutakula nini. Mama akasema maharage ya kuchemsha, na yatachemkia kwa jirani.

"Sombe bila mawese ni majani ya mbuzi," baba akasema.

"Basi wiki hii uko mbuzi," mama akamjibu, akaendelea kuvua pazia.

Tulifua pazia, kamba, mashuka, hata kilemba chake. Kuta tulizipanguza kwa maji ya siki. Gauni lenyewe tulilitoa ndimu yote kwa maji matupu, tukaliloweka kwenye soda mpaka asubuhi, tukalisuuza kwa siki kidogo, kisha maji matupu tena, na tena, mpaka vidole vyetu vikakunjamana. Nilipoleta mchaichai, alinizuia. Alisema tulikuwa kama mtu anayepaka poda juu ya uso ambao haujanawa. Harufu ya kwanza itoke yote, ndipo tuone kama kuna haja ya kukaribisha nyingine.

Lilibaki tatizo la kulikausha. Nyumba zote tulizozijua zilikuwa na jiko ndani kwa sababu ya mvua. Mama akaenda kwa mzee wa kanisa letu, akaomba gauni lilale kanisani. Pale hapapikwi, na madirisha hayana vioo, upepo unapita kutoka ukuta huu hadi ule. Mzee alifikiri kidogo, akasema haoni andiko linalokataza. Tukalining'iniza kwenye boriti, karibu na mimbari, na mazoezi ya kwaya yakaendelea chini yake. Upepo ulilijaza, likanyanyua mikono. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alishindwa kuvumilia.

"Huyu bibi arusi wenu anangojea nani? Bwana amekimbia?"

"Anangojea muimbe vizuri," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Kauma nikamwona ameachia mabega.

Hatukulipiga pasi, maana pasi ya makaa ina moshi wake. Mikunjo tuliiachia pasi ya umeme ya Kauma. Mama alichukua majani machache ya mchaichai mkavu, akayafunga ndani ya kipande cha chandarua, akayaweka kwenye kona ya gunia, mbali na kitambaa. Machache mno, niliona. Alisema harufu ya nguo safi isimtangulie anayeivaa mlangoni.

Ijumaa muuza nyanya aliitwa tena. Mama alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Yule mama alinusa kwapa, kiuno, pindo, akarudi kwapani. Alichukua muda mrefu. Mtoto mgongoni mwake alishika ua la kitambaa lililo begani mwa gauni, akataka kulitia mdomoni.

"Palibe," akasema. Hakuna kitu.

Halafu akanusa mara nyingine, akatabasamu, akasema labda kuna majani kidogo, kwa mbali, kama asubuhi baada ya mvua. Mama hakungoja atafsiriwe. Alisema zikomo, akalisema tena akiwa amepiga goti kidogo, jinsi Wamalawi wanavyofanya, na muuza nyanya naye akapiga goti, wakabaki hivyo wanashukuriana huku mwenye magauni akitoa kabatini magauni mengine mawili ya kutukabidhi tuyafue.

Jumapili baba alikata matete, akanunua karatasi ya plastiki, akajenga kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Alipomaliza kufunga kamba ya mwisho, alimkabidhi mama chupa ya mawese aliyokuwa ameificha mahali wiki nzima.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alivua kitenge alichovalia ndani ya nyumba, akafunga kingine cha zamani cha jikoni, akawasha moto. Vitunguu vikaingia, ndagala wakaingia, sombe ikaingia, na ile harufu nyekundu ikatoka chini ya plastiki, ikavuka kichochoro. Mpita njia wa kwetu, mwenye mwavuli uliovunjika, alipunguza mwendo na kuuliza kama kuna mgeni. Mama alimwambia hakuna mgeni, aingie ale. Akatuita na sisi. Tulikula tumesimama, tumebanana, maji yakitudondokea mabegani, na baba akaomba sombe ya pili. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa vizuri, magauni mawili yalikuwa yanakauka kwenye hewa isiyo na kitu.