Springi za Oyoo na Udongo wa Mteja

Baba yake Oyoo alikuwa mhunzi kule ziwani, na hakuwahi kufua jembe kabla ya kumwuliza mteja, "Udongo wa kwenu ukoje?" Asiyejua alirudishwa nyumbani kwanza akauangalie. Mwaka wa 1936 Oyoo alikuwa fundi msaidizi wa magari katika shamba moja la chai karibu na Mogogosiek, na swali la baba yake alikuwa amelisahau.

Meneja wa shamba, Bwana Tomlin, alikuwa na gari moja tu. Siku za kawaida lilibeba barua, vipuri na wagonjwa wa kupelekwa Kericho. Mara mbili kwa mwaka alilipeleka Sotik, ambako walowezi walishindana mbio za magari kuzunguka uwanja wa nyasi. Mwaka uliotangulia liliinamia upande kwenye kila kona, likaja la mwisho, na wenzake wakamcheka.

"Oyoo, funga springi ngumu. Ngumu kabisa," alisema meneja. "Mimi nikipata namba moja au mbili, ufunguo wa karakana ni wako, wewe fundi mkuu. Nikishindwa, naleta fundi mwingine kutoka Nakuru."

Oyoo alikuwa ameungoja ufunguo huo miaka sita. Aliongeza vyuma bapa vitatu katika kila springi, akajaribu kona ya kiwandani. Gari halikuinama hata kidogo. Akapiga mluzi.

Siku mbili baadaye Nyanchoka, mchuma chai, aliteleza mtaroni akavunjika mguu. Dereva Mosoti, Mkisii asiyeweza kunyamaza, alimpeleka Kericho, na Oyoo akaketi nyuma kumshikilia.

"Bwana fundi, umenifungia mawe chini ya kiti?" Mosoti alilalamika. "Meno yangu yote yanahama!"

Oyoo hakucheka. Kila walipopita shimo, Nyanchoka alimshika mkono kwa nguvu na kung'ata leso. Walipofika kwenye barabara laini ya mji, akavuta pumzi na kusema taratibu, "Ndugu yangu, wakati ulikuwa unatengeneza hii gari, ulikuwa unafikiria nani ataipanda?"

Ilikuwa kana kwamba baba yake ameketi pale nyuma, nyundo mkononi.

Wiki tatu zilibaki kabla ya mbio. Oyoo akaanza upya. Alitoa chuma kimoja, akaweka bakuli la uji wa wimbi sakafuni mwa gari, akamwambia Mosoti aendeshe hadi mtoni na kurudi. Uji ulimwagika. Akatoa kingine, akapaka grisi kati ya vilivyobaki ili viteleze bila kukwama. Sasa ulimwagika kidogo tu, ila gari lilianza kuinama kwenye kona.

"Basi toa vyote, ninywe uji wangu wote," Mosoti akasema.

"Na ufunguo wangu utaunywa pia?"

Kando ya kila gurudumu kulikuwa na kifaa chenye visahani vya ngozi vilivyobanwa kwa nati, kazi yake kuizuia springi isirukeruke. Nati ikilegezwa, gari hulainika, ikikazwa, hutulia. Kubadilisha springi kulichukua siku nzima, lakini nati nne zilikazwa kabla chai haijapoa. Oyoo akaamua: chuma kimoja cha ziada kibaki siku zote, na mengine yaachiwe nati.

Akaenda ofisini mwenyewe, kofia mkononi, akasema alichofanya. Uso wa meneja ukaiva kwa hasira.

"Nilisema ngumu!"

"Ndiyo, bwana. Lakini kila siku hii gari inabeba wagonjwa. Na Sotik mvua inanyesha mchana. Gari ngumu sana itaruka kwenye nyasi, magurudumu yakose kushika. Siku ya mbio nitakaza nati."

Meneja alimwonyesha mlango kwa kidole. "Ukikosea, Jumatatu unarudi ziwani."

Siku ya mbio mvua ilifika baada ya chakula cha mchana, kama kawaida yake. Magari yaliyokazwa kama magogo yaliruka kila tuta na kuteleza hadi kwenye ua wa miti. La Bwana Tomlin liliinama kidogo, likashika ardhi, likainama tena, likashika. Lilimaliza la pili.

"Namba mbili!" Mosoti alipiga kelele, akimtikisa Oyoo mabega. "Mtu wa ziwa, leo uji nakununulia mimi!"

Jumatatu, ufunguo ukiwa mfukoni, Oyoo alilala chini ya gari akalegeza nati zote nne, kisha wakaenda Kericho kumchukua Nyanchoka. Wakirudi, Nyanchoka alisimulia habari za wodi, hasa mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekoroma kama mashine ya kiwandani. Kabla ya kufika mtoni sauti yake ilififia. Mosoti akageuka kuuliza amenyamaza kwa nini.

"Shh," Oyoo akasema. "Amelala."

Kisha akatega sikio. Nati ya nyuma, upande wa kushoto, bado ilihitaji kulegezwa robo mzunguko.