King'ora Kisicholia

Waliomwita Mzee Sikio hawakumtania, walimsifu. Katika miaka yake yote ya udereva, mtu huyo alilijua lori lake kwa kulisikiliza. Madereva wenzake walipeleka magari yao gereji. Yeye alilipeleka lake nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati alilolijenga kwa mikono yake, lenye shimo la kusimama mtu chini ya lori na benchi la mbao lililokwisha kunywa oili ya kutosha. Ukutani kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ile isiyorudishwa iache pengo kama jino lililong'oka.

Alikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa na nyumba nzima. Kila jioni, baada ya kuzima injini, aliinua kiganja juu. Hapo redio ilizimwa, mwiko uliachwa ndani ya sufuria, na watoto, enzi walipokuwa bado nyumbani, walibana vicheko vyao kwa viganja.

"Nyamazeni," alisema. "Lori linasema."

Kisha alilizunguka polepole, kichwa kimeinama, akitafuta upepo unaovuja. Breki za lori lile zilifanya kazi kwa upepo ambao injini iliusukuma na kuuhifadhi katika matangi. Bomba likivuja, upepo hupungua; na lori lenye mzigo, lisilo na upepo, likiwa mteremkoni, halina tofauti na jiwe lililosukumwa. Mvujo mdogo hutoa sauti nyembamba, kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Yeye aliielekezea kidole kabla hajachuchumaa kuitazama. Fundi mwingine angepaka maji ya sabuni kwenye maungio na kusubiri povu, na jambo hilo lilimchekesha.

"Sabuni ni dawa ya viziwi," alizoea kusema.

Watoto walikwisha kwenda na maisha yao. Nyumbani walibaki yeye, mkewe aliyeshona nguo kwenye cherehani iliyowekwa mbele ya dirisha la kutazama banda, na paka aliyependa kulala juu ya kichwa cha lori. Wateja nao walikuwa wakipungua, kwani wengi waliyaendea malori mapya. Kwa hiyo mjenzi mmoja alipomwomba ashushe matofali hadi kwenye kiwanja chake, chini ya barabara yenye mteremko mkali, Mzee Sikio aliipokea kazi ile kama mtu aliyekumbukwa.

Siku alipoliandaa lori kwa safari, aligundua kwamba king'ora kilikuwa kimekufa. Hiki kilikuwa kidude kidogo chini ya dashibodi, kilichotakiwa kulia upepo unapopungua. Kwake, lori lisiloweza kupiga kelele halikuwa na ruhusa ya kushuka mlima. Alikifungua, akasugua viunganishi vya umeme, akabadilisha waya. Taa ya majaribio iliwaka, maana yake umeme ulifika. King'ora kikanyamaza. Alinunua kipya, nacho kikanyamaza.

Jirani yake mchomeleaji, mwenye sauti nzito ya kuitikisa milango, alimkuta amekilaza kile kipya juu ya benchi kama mgonjwa.

"Vipi, kaka? Hata huyu naye ni bubu?"

"Bubu. Vya siku hizi vyote bandia."

"Si ukamrudishie mwenye duka?"

"Cha kwanza nilimrudishia. Akakiunganisha na betri yake, akanitazama tu, halafu akanipa hiki."

"Akakutazama vipi?"

"Kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda pale pale aliposimama."

Mchomeleaji alicheka. Dirishani mke wa mzee aliita, "Baba, chai inapoa!" Mzee Sikio aliendelea kukoroga skrubu ndani ya kopo. Mkewe akaita tena.

"Shemeji, usijichoshe," mchomeleaji alimwambia. "Ugonjwa huo tunao waume wote. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Wote wawili walicheka. Mzee Sikio naye akacheka, lakini baada yao, alipokwisha kuyaona meno ya mwenzake.

Kesho yake asubuhi alikifunga tena king'ora mahali pake, akapanda, akaketi. Matangi yalikuwa matupu. Mshale wa geji ulilala chini kabisa. Akageuza swichi. Kimya. Paka alitimka kutoka juu ya lori na kutokomea nyuma ya pipa, na mzee akamlaani kwa woga wake. Akazima, akageuza tena. Kimya kile kile. Alipoinua macho kwa kukata tamaa, alimwona mkewe dirishani, ameziba masikio kwa viganja.

Akazima swichi. Mikono ya mkewe ikashuka na kurudi kwenye nguo. Akaiwasha. Mikono ikapanda.

Kisha akapeleka mkono chini ya dashibodi na kukishika king'ora. Kilikuwa kinatetemeka ndani ya kiganja chake kama nyuki aliyefumbatwa.

Alizima, akashuka, akaenda kusimama chini ya dirisha.

"Unaumwa kichwa?"

"Kitaachaje kuuma?" mkewe alijibu kwa sauti ya juu. "Siku zote hizi unakipigisha hicho kidude. Nikasema moyoni, labda ndivyo kinavyotengenezwa."

"Kinalia?"

"Nini?"

"Hicho. Kinalia?"

Mkewe alianza kucheka, akidhani ni mzaha wake. Kisha akauona uso wake.

"Kinalia, Baba," alisema taratibu, akiyatamka maneno kwa midomo yote. "Tangu kile cha kwanza."

Mzee Sikio alirudi kwenye lori. Aliiwasha injini, akayajaza matangi upepo, akaizima. Halafu akafanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kumwona akilifanya: aliingia ndani, akatoka na beseni na kipande cha sabuni, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma na kuyapaka maungio ya bomba mojamoja. Kwenye ungio la mwisho povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena. Alilikaribia hadi pua ikalowa.

"Hili nalo linasema?"

"Linasema."

"Tangu lini?"

Mkewe aliushika ukingo wa kanga yake. "Nilidhani umelisikia. Msikiaji si wewe?"

Daktari alimweleza kwamba injini ndiyo iliyozila sauti nyembamba, moja baada ya nyingine, na kwamba zikishaliwa hazirudi. Alisikiliza kwa adabu, akauliza kama kuna kipuri. Hakikuwapo cha kumtosha.

Mkewe alitoa shauri kwamba atakaa naye kwenye lori, awe ndiye anayesikia. Mzee alilishika shauri hilo kwa nguvu zote. Kwa kuwa magoti ya mkewe yalikuwa mabovu na kebini ilikuwa juu, alikata vyuma, akapima, na mchomeleaji akaziunganisha ngazi mbili za ziada. Zilikuwa nzuri, zimepigwa msasa ili zisimchane. Mkewe alipanda ya kwanza. Kwenye ya pili goti lilikataa. Akajaribu tena, amekishikilia kitasa cha mlango, jasho likimtoka. Mchomeleaji akageuka kutazama ukuta wa spana.

"Shuka, Mama," mzee alisema. "Shuka, basi."

Matofali yalishushwa na lori jingine.

Hata hivyo desturi haikufa. Jioni injini huwashwa, matangi hujazwa, injini huzimwa, kiganja huinuliwa, na cherehani husimama. Tofauti ni kwamba sasa mzee hulizunguka lori pamoja na mkewe, akiwa amekaza macho usoni kwake. Jioni moja aliuona uso huo ukibadilika karibu na gurudumu la nyuma, upande wa kulia.

"Hapo?"

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, ingawa alijua lori halina pa kwenda.

Mzee alichukua spana kutoka kwenye umbo lake jeupe, akaingia shimoni. Kutoka huko chini hakuweza kuuona uso wa mtu, na sauti ya mkewe haikumfikia. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana juu ya nyundo: pigo moja kwenye fremu, bado; mapigo mawili, limenyamaza. Alikaza nati, akakiweka kiganja juu ya chuma, akangoja.

Mkewe aliinama, akasikiliza. Bomba lilikuwa bado linapuliza chai. Akainua nyundo, akagonga mara moja.

Mzee akakaza tena. Akangoja, kiganja juu ya chuma.

Mkewe akagonga mara moja.