Alasiri Waliyomwita Mama

Juzi, mjini Kisii, nilisoma tangazo la mhadhara wa kumkumbuka mchungaji wa kwanza wa kanisa letu la Ikonge, na papo hapo nikasikia harufu ya makoti yaliyolowa mvua.

Nilikuwa mdogo, sijaanza shule, sijui Kiswahili. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro, alikuwa amenipakata katika mhadhara kama huo. Mgeni kutoka pande za ziwani alisimulia jinsi dini ilivyofika kwenye vilima vyetu. Sauti yake ilikuwa ya upole, mvua ikinyesha taratibu juu ya mabati, nami nikasinzia.

Niliamshwa na watu waliokuwa wakisimama. Walifumba macho, wakainua nyuso, wakasema kwa pamoja, "Baba yetu..."

Nilishtuka kwa furaha. Kwa Ekegusii, lugha pekee niliyoijua, "baba" ni mama. Na mama yangu tulikuwa tumemzika nyuma ya migomba, nikaambiwa ameenda juu kwa Mungu. Kumbe kanisa zima lilimfahamu!

"Magokoro, wanamwita mama?" nilinong'ona.

Alinigeukia. Ni yeye aliyewafundisha watoto sala kanisani, na leo najua angeweza kunieleza. Badala yake alinikumbatia, chozi lake likaniangukia shavuni.

"Ee, mwanangu. Mwite na wewe."

Nikaita kwa sauti yangu yote, hata mgeni akafumbua macho. Hakuna aliyeninyamazisha.