Wazee wa Koboko Walitawadha kwa Maji Yangu

Nimekosa. Naandika bila jina kwa sababu Arua ni mji mdogo na Koboko ni mdogo zaidi, ingawa wanaonijua watanitambua kabla ya kufika nusu. Basi wanitambue!

Mimi ni mtu wa makamo, nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala nyingi za kuwafundisha watu jinsi ya kuitunza dunia. Kwangu nyumbani taa ya uani huwaka mchana. Ndiyo, cheka.

Kwa sababu ya makala hizo, mwenye hoteli moja ya zamani hapa Arua aliniita. Ni hoteli ya kifahari, ya enzi za mazulia mekundu na ngazi za mawe. Jenereta yake ilinguruma kutwa, na bustani yake ilikunywa maji kuliko watu wote wa mtaa wa Oli. Alitaka ikarabatiwe, iwe hoteli isiyoharibu mazingira. Nikawa msimamizi. Loo, kichwa kilivyonivimba!

Tuliweka sola juu ya paa. Tukatupa majokofu yaliyokula umeme. Lakini fahari yangu ilikuwa maji. Yaliyotoka bafuni na kwenye chumba cha kufulia hayakumwagwa tena. Yaliingia kwenye matangi, yakachujwa kwa kokoto, mchanga na mkaa, kisha yakasukumwa kwenye vyoo na kwenye mabomba yote ya nje, ya kumwagilia bustani. Yalitoka maangavu, bila harufu. Lakini yalikuwa maji ya kuogea wageni na kufulia mashuka ya hoteli, na mashuka ya hoteli mnayajua.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mimi ni Mlugbara, Mkristo, kwetu ni Logiri, lakini nimekulia mjini kati ya Wanubi. Nimekula harusi zao katika hoteli hiyohiyo tangu ujana. Kila harusi, saa ya swala ikifika, wanaume hutoka ukumbini, hutawadha kwenye mabomba ya bustani, hutandika mikeka kwenye nyasi. Kila harusi! Nami nilipochora ramani ya mabomba niliandika "bustani" tu. Watu sikuwachora.

Nina rafiki tangu shule, Mnubi wa Koboko, nimwite Rajabu. Kazi yake ni kuwapitishia watu mizigo forodhani, mpakani Oraba. Alipotaka kumwoza binti yake, mimi ndiye niliyemng'ang'ania alete harusi kwetu.

"Profesa," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "hiyo hoteli yako ya jua, mawingu ikikuja tutakula nyama mbichi?"

"Leta watu, bwana. Ukila mbichi, nilaumu mimi."

Akaleta. Koboko nzima ilishuka: wanawake na hina zao, masinia yamefunikwa kwa tabaga, vile vifuniko vya kusuka vya rangi, wazee katika kanzu nyeupe. Siku hiyohiyo walikuja wakaguzi wa mazingira kutoka Kampala, bwana mmoja na mama mmoja. Mimi ndiye niliyewapangia siku hiyo, ili waikute hoteli imejaa. Majivuno, ndugu zangu, hupanga ratiba yake vizuri!

Nilikuwa nimewasimamisha nyuma ya ukumbi, nawaeleza safari ya maji. "Na kutoka hapa," nikasema huku nikinyoosha kidole kwa mbwembwe, "yanakwenda kwenye mabomba ya..."

Kidole kikabaki hewani.

Kando ya ukuta wazee wa Koboko walikuwa wamechuchumaa, mikono ya kanzu imekunjwa. Baba yake Rajabu, ambaye ndiye angewaswalisha, alikuwa anakinga maji kwa kiganja. Akayatia kinywani. Akasukutua.



Yule mama akatazama kidole kilikoelekea. "Wale wanatumia maji gani?"

Ningesema kweli, mpango wangu ungeonekana mbovu mbele yake, na harusi ya rafiki yangu ingegeuka zogo. Uongo ulikuwa karibu zaidi.

"Lile ni bomba la mji," nikasema. "Halihusiani na haya."

Mungu wangu! Sijui ulimi ulipata wapi wepesi ule.

Hata hapo nilikuwa bado na nafasi. Swala haikuwa imeanza, na mikeka ilikuwa umbali wa kuita tu. Mzee mwenyewe alipita mbele yangu, ndevu zinadondosha maji, akanishika bega.

"Profesa, maji yenu iko mzuri. Iko baridi sana."

"Asante, Mzee," nikasema.

Wakapanga safu. Wakainama, nami nimesimama kama mlingoti. Nikajiambia Mungu huangalia nia ya mtu. Ona ujanja huo! Mtu ambaye hata kanisani sionekani, nimekuwa shehe ghafla!

Ndoa ikafungwa, watu wakala, ngoma ikalia. Wakaguzi wakatupitisha kwa sifa. Harusi ilipokwisha nilimwita fundi, nikamwambia ayarudishe mabomba ya nje kwenye maji ya mji, kimyakimya. Kwa hiyo usinihurumie kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Ningenyamaza mpaka kaburini, lakini mtu mwenye majivuno hafai kusogezwa karibu na kipaza sauti. Redio ya hapa iliniita nieleze ukarabati. Mtangazaji akanisifu kidogo, nami nikajisahau, nikasema kana kwamba fundi hakuwa amerudisha chochote: "Tangu tulipofungua, bustani ile haijanywa tone la maji safi! Kila bomba la nje linatoa maji ya bafuni!"

Sijafika nyumbani, simu ikalia.

"Profesa. Mimi nimesikia redio."

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Bomba ya nje. Ile baba alitumia."

Nikasimama kando ya barabara.

"Sema, bwana! Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua wakati gani? Mbele ya swala, ama nyuma?"

Ningeweza kusema baada. Nani angenibishia? Nilihesabu uongo niliokwisha kuusema, nikachoka.

"Kabla," nikasema.

"Kesho kuja Koboko. Hii maneno mimi sitabeba peke yangu."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Rajabu alipiga hodi, akatoa salamu, kisha akasema, "Huyu iko na neno," akarudi nyuma, akaniacha mlangoni. Mzee mmoja alicheka: "Basi tutarudia. Rakaa nne haiui mutu." Mwingine alinipima kwa macho toka viatu hadi miwani. "Wewe mutu ya vitabu, ulitupatia maji ya kufulia suruali, tukaenda nayo mbele ya Mungu?" Nikasema nimekosa. Ungejibu nini?

Wa mwisho alikuwa baba yake Rajabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilisimama mbele," akasema. "Wote walikuwa nyuma yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nilishika bega yako, nilisifu maji. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema asante."

"Asante," akarudia polepole.

Akaomba maji. Akatawadha palepale uani, akanipa mgongo, akaswali peke yake. Alipoinuka kutoka kwenye sijida magoti yalimtetemeka. Nikapiga hatua nimsaidie. Rajabu akanizuia kwa mkono, bila kunitazama.

Hawakunishtaki. Afadhali wangenishtaki! Rajabu angali ananipitia kila anapokuja Arua. Tunaongea mambo ya mpira, ya watoto, ya malori yaliyokwama Oraba. Lakini siku hizi anakuja na chupa yake ya maji. Anaiweka mezani, kando ya glasi aliyomiminiwa na mke wangu, na glasi ile hurudi jikoni imejaa. Mke wangu ameniuliza kuna nini. Atajua akisoma hapa.

Wewe unayekarabati hoteli, shule, hata nyumba yako, ukitaka kuiokoa dunia, iokoe. Lakini kwanza kaa uwanjani siku nzima, uone watu wako wanafanya nini na lile bomba. Na kama umeshakosea, ukawaona wanakunja mikono ya kanzu, piga kelele! Harusi na isimame, wakaguzi na wakucheke, uonekane mpumbavu mbele ya Koboko nzima. Upumbavu watu husamehe. Piga kelele kabla hawajapanga safu!