Anko Aliona Kidole Tumbo ni Ugonjwa wa Bei ya Chini

Admini, lifiche jina langu. Sura yangu imekwisha kuzungushwa vya kutosha.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mhitimu wa shahada ya takwimu mwenye daraja la kwanza. Bado natafuta kazi, na ninaishi na mama katika chumba cha kupanga mtaani Lindi, Kibera. Mama anauza nguo za mitumba Soko la Toi. Nalitaja daraja langu kwa sababu picha yangu ya joho la mahafali ndiyo iliyotumiwa kuupamba upuuzi ninaowasimulia.

Miezi michache iliyopita kidole tumbo changu kilivimba. Hospitali ya kwanza, ya kibinafsi, ilidai malipo ya awali kabla hata sijatolewa damu, ikanipendekezea upasuaji wa matundu madogo kwa bei ambayo kibanda kizima cha mama, pamoja na kila koti lililoning'inia ndani yake, kisingeifikia. Nilikuwa nimejikunja kwa maumivu, lakini akili ilikuwa timamu. Bima ya afya ya serikali nilikwisha kuilipia mwaka mzima kutokana na vibarua vya kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Nikaomba nihamishiwe hospitali ya misheni inayoipokea bima hiyo. Nilipasuliwa kwa njia ya kawaida, bima ikabeba sehemu kubwa ya bili, na salio likalipwa kwa mkopo wa chama cha akina mama wa Toi, ambao mama angali anaurejesha polepole. Kisa kingeishia hapo kama familia yetu ingekuwa na watu wazima.

Bahati mbaya nina anko. Ni kaka yake mama, fundi wa makochi Kawangware, na mwenyekiti wa kila kamati yenye viti vya plastiki na kipaza sauti. Alifika wodini mikono mitupu, isipokuwa simu. Akanipiga picha nikiwa usingizini, akaiweka kando ya ile ya joho, akatengeneza bango: OKOA MSOMI WETU. Chini yake iliwekwa namba yake ya simu ya kutumiwa michango. Katikati, kwa herufi nyekundu, uliandikwa ugonjwa nisioujua: uvimbe mkubwa tumboni.

"Anko, mimi nimetolewa kidole tumbo," nilimwambia.

"Wewe msomi, nani atatoa pesa juu ya kidole tumbo? Hiyo ni kama kung'oa jino. Watu wa Kawangware wanataka kitu kizito."

"Na bili imeshalipwa."

"Imelipwa na nani, hao mama wa mitumba? Sasa sisi wanaume wa hii familia tutaonekana aje?"

Michango iliingia. Sikuona hata shilingi moja. Nilichokiona ni suti mpya ya rangi ya zambarau, na ndani yake anko, akitembea kama waziri aliyepotelewa na msafara.

Basi alasiri moja nilikuwa Toi nimepanda juu ya stuli, namsaidia mama kutundika makoti. Akapita Mama Mwende, anayepika chapati mkabala na karakana ya anko. Alisimama, akaachia mfuko wake.

"Ngai! Si wewe ndiye yule wa uvimbe? Na unapanda stuli! Umepona!"

Alinikumbatia akilia, akakimbia kutangaza kabla sijateremka. Mtu mwenye haya angetoroka mji. Anko aliona biashara. Aliliambia kanisa lao kwamba madaktari walinifungua wakakuta uvimbe umetoweka. Sasa imepangwa ibada ya shukrani Jumapili hii. Mimi nitoe ushuhuda, kisha sadaka ipitishwe, na mwenyekiti wa kamati ya sadaka sina haja ya kuwatajia.

Nilicheka hadi kovu likauma. Kisha juzi Mama Mwende akaja Lindi. Ana uvimbe wa kweli, kwenye titi. Amepewa siku ya kupasuliwa na pesa ameshazikusanya.

"Lakini nimeamua hiyo pesa naitoa sadaka Jumapili," alisema, akitabasamu. "Kama uliponywa na maombi, mimi nitakatwa ya nini?"

Nilimshika mikono yote miwili. "Mama Mwende, nilitolewa kidole tumbo. Hakukuwa na uvimbe wowote."

"Si ndivyo tunavyosema? Walifungua, hakukuwa na uvimbe!"

Nikamwonyesha kovu. Akaliombea.

Nilikwenda Kawangware nikamwamuru anko amweleze ukweli yeye mwenyewe, maana mwongo pekee ndiye atakayeaminiwa. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sponji aliyokuwa akiikata.

"Nimwambie, halafu nirudishie watu pesa na nini? Wewe sema asante Yesu, ukae chini. Dakika mbili tu. Wacha kujifanya profesa."

Mama naye amegoma kula. "Karo yako ya sekondari ililipwa na nani? Ukimwaibisha kaka yangu mbele ya kanisa, umeniaibisha mimi, na Toi sirudi."

Kwa hiyo wale mnaojiandaa kuniandikia kwamba mjomba huheshimiwa, tafadhali msijisumbue. Heshima hiyo nimeikagua kila upande na sijaona inamfaa nani isipokuwa mshonaji wa ile suti. Anayenikosesha usingizi ni mama yangu, na yule mpika chapati.

Jumapili ni keshokutwa. Kipaza sauti kitakuwa mkononi mwangu, mama atakuwa nyuma karibu na mlango, na Mama Mwende ameniahidi kuketi safu ya mbele na bahasha yake. Nishaurini upesi, ninyi mlio na busara: nikisimama pale, niseme nini?